Mzee ana Parkinson na kila akila anapaliwa: maswali na majibu

Babu kila akinywa chai anapaliwa, si uzee tu huo?

Uzee pekee haumfanyi mtu apaliwe kila siku. Parkinson, ugonjwa wa ubongo, tumezoea kuijua kwa mkono kutetemeka, lakini dopamini, kemikali inayosaidia mwili kujongea, ikipungua kwenye ubongo misuli yote inakuwa mizito, na kumeza nako ni kazi ya misuli, ya ulimi na ya koo, kwahiyo chai inateremka kabla njia ya hewa haijajifunga na nyengine inaingia mapafuni.

Na mate yanayomchirizika?

Hayajaongezeka, anayameza mara chache tu. Msimgombeze mbele ya wageni.

Bibi yeye hakohoi kabisa, yuko salama?

Hapo ndo pa kuogopa khaswa, mana koo likipoteza hisia chakula kinapita njia siyo na mtu hashtuki wala hakohoi. Msikilize akishamaliza kula, sauti imekuwa ya majimaji kama mtu anaesukutua? Chakula kinabaki shavuni, sahani moja anakaa nayo saa nzima, nguo zinampwaya, homa na kifua kila baada ya muda? Mpelekeni, Mnazi Mmoja au kwa walioko Pemba Abdalla Mzee, na semeni wazi kwamba kumeza kuna tatizo, msiseme "kifua" tu. Nimonia ya namna hii ni katika vitu vinavyouwa sana wagonjwa wa Parkinson. Na kama anatapika wakumbusheni kuwa ana Parkinson, kuna dawa ya kutapika inaitwa metoclopramide inazidisha ugonjwa wake.

Ale nini?

Urojo najua anaupenda lakini ndo mtihani wenyewe, maji yanatangulia kooni wakati bajia na kachori bado zinatafunwa. Pweza, karanga na mkate mkavu pia wekeni mbali. Bokoboko lililopondwa likalainika, viazi vya kuponda, uji mzito, hivyo vinateremka vizuri. Maji mepesi ndo yanayompalia zaidi, ila msianze kumkolezea kila kinywaji kiwe kizito bila kumuuliza mtaalamu, wengine wakikolezewa hawanywi tena na wanakaukiwa maji.

Akae wima kwenye kiti, sio kuegemea mto kwenye mkeka, kidevu kishuke kidogo. Ile tabia ya kurusha kichwa nyuma ili kidonge kiteremke iacheni leo leo. Funda dogo dogo, TV izimwe, asisemeshwe mdomo umejaa, akimaliza asilale mpaka ipite nusu saa. Na apige mswaki, hata asiekuwa na meno asafishwe ulimi na fizi, mana mate machafu yakiingia mapafuni ndo kichomi chenyewe.

Ramadhani je?

Levodopa, dawa ya Parkinson, watu wengi wanaimeza mara tatu au zaidi kwa siku, sasa akifunga mchana kutwa hana dawa, magharibi mwili umekaza, adhana tu tende na bilauri nzima ya maji. Mgonjwa ana ruhusa ya kula. Ongeeni na daktari mapema na dawa msiikate wenyewe ghafla. Siku za kawaida nayo imtangulie kama nusu saa kabla ya chakula, akila koo lishalegea, na nyama au samaki wakija pamoja na dawa wanaizuia isifanye kazi vizuri.

Akikwama kabisa?

Kama anaweza kukohoa mwacheni akohoe. Akishindwa kukohoa na kusema msimpe maji, muinamisheni, mpigeni kati ya mabega mara 5 kwa kiganja, kikikataa simama nyuma yake, kunja ngumi juu ya kitovu uivute ndani na juu mara 5, rudieni hivo hivo na mwengine ashaita gari.