Ukuta wa chuma wa Borden: njia ya kusafisha maji ilivyojaribiwa ardhini

Gereji, kiwanda au drai klina ikimwaga nyuma ya jengo kemikali ya kuondolea grisi na madoa, kemikali hiyo haiishii kwenye udongo. Mojawapo ni triklorethilini, kwa kifupi TCE, ambayo ni nzito kuliko maji. Hupenya mchanga, hufika kwenye maji ya chini ya ardhi na kuendelea kuzama, ikiacha matone yaliyonasa kati ya chembe za mchanga. Matone hayo huyeyuka kidogo kidogo kwa miaka mingi. Ndiyo maana kuvuta maji kwa pampu na kuyasafishia juu mara nyingi hakumalizi kazi: pampu ikizimwa, sumu hupanda tena.

Katika miaka ya 1980, Robert Gillham na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walikuwa wakichunguza kama mabomba ya visima vya kupimia yanabadilisha sampuli za maji. Wakaona kwamba maji yakigusana na metali fulani, kemikali za jamii ya TCE hupungua. Chuma kikishika kutu hutoa elektroni, na elektroni hizo hung'oa klorini kutoka kwenye TCE. Klorini hubaki majini kama kloridi, ile ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani.

Ndani ya chupa ya maabara, jambo hilo lilionekana wazi. Lakini chupa haina matabaka ya mchanga, wala haina maji yanayotafuta njia rahisi ya kupita. Kwa hiyo mwaka 1991 walikwenda kwenye kambi ya kijeshi ya Borden, jimbo la Ontario, mahali ambapo mwendo wa maji ya ardhini ulikuwa umekwisha kuchunguzwa kwa makini: takriban sentimita 9 kwa siku. Mita 5.5 mbele ya chanzo cha uchafu, upande maji yanakoelekea, walijenga ukuta wa chini ya ardhi wenye unene wa mita 1.5. Asilimia 22 ilikuwa chenga za chuma, na asilimia 78 mchanga. Kwa mwendo ule, maji yangekaa ndani ya ukuta kama nusu mwezi. Hapakuwa na pampu wala umeme. Maji yalijipitia yenyewe.

Ukuta uliondoa kiasi cha asilimia 90 ya TCE, na kwa muda wa miaka mitano haukuonyesha kuchoka. Hilo lilikuwa jambo kubwa, maana hofu ilikuwa kwamba chuma kingezibwa na kutu na chokaa.

Hata hivyo, tuitazame hiyo asilimia 90. TCE iliyoingia ilifikia miligramu 250 kwa lita. Ukiondoa asilimia 90, zinabaki miligramu 25. Kikomo cha Marekani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.005 kwa lita, hivyo maji yaliyotoka yalikuwa bado na sumu mara 5,000 ya kikomo hicho. Watafiti walilieleza hilo waziwazi: chuma kilikuwa kidogo, kiongezwe. Mwaka 1996, huko Elizabeth City, North Carolina, Marekani, ukuta wa chuma wenye urefu wa mita 46 ulijengwa kuzuia TCE pamoja na kromiamu, metali yenye sumu, kutoka karakana ya zamani. Napenda jaribio la namna hii, linalomwachia mjenzi anayefuata kipimo cha kufanyia kazi.

Basi mkandarasi akikuletea dawa ya kusafisha udongo na maji, usiridhike na asilimia. Mwombe vipimo vya kabla na baada, vya visima vilivyo upande maji yanakotoka kabla ya kufika kwenye chanzo na vilivyo upande yanakoelekea, vya masika na vya kiangazi. Pia muulize kemikali iligeuka kuwa nini. Kwa mfano, TCE ikivunjwa nusunusu huweza kuacha vinili kloridi, ambayo husababisha saratani. Borden walipima hiyo pia, hawakuikuta.

Kwa petroli inayovuja kwenye matangi ya vituo vya mafuta, hali ni tofauti kidogo, kwani yenyewe huelea juu ya maji na huonekana mapema kwa harufu. Kisima kikianza kunuka mafuta, acheni kunywa na kupikia maji yake. Msiyachemshe mkidhani yatakuwa salama. Mvuke wa benzini, sumu iliyomo ndani ya petroli, utajaa jikoni. Toeni taarifa bodi ya maji ya bonde au ofisi ya afya, na mkiambiwa mpeleke sampuli, tumieni chupa safi ya kioo, ijazeni hadi mdomoni pasibaki hewa, fungeni kifuniko barabara, itunzeni kwenye barafu na ifikisheni maabara mapema iwezekanavyo. Chupa ikiwa na nafasi ya hewa juu, sehemu ya sumu hutoroka, na majibu yatasema maji ni safi kuliko yalivyo.