Wafarini haipunguzi damu

Mtu akirudi Lamu baada ya kupasuliwa moyo na kuwekewa valvu mpya, yaani mlango mdogo wa damu ndani ya moyo, iwe alipasuliwa Nairobi au India, swali la kwanza barazani ni amepewa dawa gani. Jibu halibadiliki: "dawa ya kupunguza damu". Wenye huruma wakisikia hivyo huingiwa na wasiwasi. Mtu ametoka juzi kupasuliwa kifua, damu ya kupunguza anayo wapi? Wiki haijesha, ameshaanza kuletewa mchicha asubuhi na jioni ili damu irudi. Mwingine aliyeelewa kwamba shida ni damu nzito humshauri akaumikwe. Hakuna hata mmoja aliyekosa adabu wala akili. Wamelifuata jina la dawa linavyosema.

Dawa yenyewe ni hivi. Wafarini hulizuia ini kuitumia vitamini K upya, na ini lisipokuwa na vitamini hiyo ya kutosha hutoa protini butu za kugandisha damu. Basi. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Akimeza wafarini miaka 20 zitakuwa lita 5 vilevile, chembe nyekundu zake zote, na uzito wa damu hautabadilika. Kilichobadilika ni muda ambao damu hiyo huchukua kuganda.

Neno la kulishika hapo ni kuganda, na kwetu lina sura mbili tunazozichanganya. Mafuta ya nazi huganda. Asubuhi za baridi za kusi chupa iliyolala dirishani huwa nyeupe, ukiiinamisha hakitoki kitu. Jua likiipata kidogo, mafuta ni yale ya jana. Maziwa nayo huganda yakawa mala. Hayo uyaanike, uyatie maji, uyakoroge mpaka mkono uchoke, maziwa hayarudi. Utapata mala ya majimaji yenye mabonge yanayoelea. Mafuta yalikuwa yamepoa tu, lakini katika maziwa protini zimeshikana.

Damu huganda kama maziwa. Ndani yake mna protini iliyoyeyuka, fibrinojeni, ambayo ikichokozwa hugeuka nyuzi; nyuzi hufuma wavu, na wavu hunasa chembe za damu mpaka likawa donge. Uzito haumo katika habari hii. Anayesema "damu nzito" anawaza mafuta, au pengine uji, ndiyo maana tiba anazozitaja zote ni za uji: maji mengi, ndimu, kitunguu saumu. Uji mzito huongezwa maji. Donge la damu haliongezwi maji. Na kwa kuwa tuko hapo, "dawa ya kuyeyusha damu" nayo si jina lake, kwa sababu wafarini haiyeyushi donge lililokwisha kuwapo. Inazuia lisifanyike. Za kuyeyusha zipo, lakini hizo hutiwa mshipani hospitalini, mgonjwa akiwa chini ya uangalizi.

Hilo "kupunguza" limetoka Kiingereza, ambako nako husemwa kwamba dawa inaifanya damu nyembamba, na ni kosa kule kama hapa. Likaingia katika lugha ambayo tayari ina "kupunguza presha", na ambayo "upungufu wa damu" ni jina la ugonjwa. Lingeangukia wapi pabaya zaidi? Waliogundua vitu hivi hawakutaja kupungua. Herufi K katika vitamini K ni ya neno Koagulation, yaani kuganda, kwa sababu vifaranga wa Henrik Dam kule Denmark walikuwa wakivuja damu isiyoganda. Wafarini nayo ilianzia kwa ng'ombe wa Amerika Kaskazini, miaka ya 1920, waliokula nyasi kavu zilizoharibika wakawa wakikatwa pembe damu haisimami. Maabara ya Karl Paul Link katika Chuo Kikuu cha Wisconsin ndiyo iliyokitoa kitu kilichomo, na ndugu wa kitu hicho, ndiye wafarini, akaanza kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya, kisha mwaka 1954 akaruhusiwa kuwa dawa ya binadamu. Jina lake ni herufi za taasisi iliyogharimia utafiti, WARF, zikaongezwa mkia. Kwa hiyo uvumi kwamba dawa hii ilikuwa sumu ya panya ni wa kweli. Tofauti iko katika kipimo.

Kwa nini valvu iihitaji? Neno valvu lina asili ya Kilatini, valva, ambayo ni ubao mmoja wa mlango wa mbao mbili. Mtu wa Mkomani, mtaa wa Lamu, hahitaji kuchorewa picha. Valvu ya chuma, kama tunavyoiita ingawa mbao zake ni za kaboni, ni mlango wa namna hiyo ndani ya pete, unaofunguka na kufungwa kama mara 100,000 kwa siku. Mwili unajua kwamba hiyo si nyama yake. Damu hupenda kuganda pale bawabani, penye kona ndogo ambapo haipiti kwa kasi. Donge likishika hapo, ubao mmoja haufunguki sawasawa. Likibanduka, njia yake huenda ikawa ni kwenye ubongo, na hicho ni kiharusi. Usiku nyumba ikitulia, wengi huisikia valvu yao ikipiga tik, tik. Mlio huo ukififia au ukapotea, na pumzi ikawa fupi, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, wala si ya kungoja boti ya kesho.

Valvu ya nyama, ya utando wa moyo wa ng'ombe au ya nguruwe, ni habari nyingine. Mara nyingi wafarini yake ni ya miezi 3 hadi 6, wengine hupewa aspirini peke yake, ila valvu hiyo huchakaa baada ya miaka 10 hadi 20. Anayejali ni ya mnyama gani aulize kabla ya kupasuliwa.

Damu ya anayemeza wafarini hupimwa kwa kipimo kiitwacho INR, na hicho nacho hakipimi uzito. Ni uwiano wa muda: damu ya huyu imechukua muda mara ngapi zaidi ya ile ya kawaida, ambayo ni 1. Kwa valvu ya kisasa ya chuma iliyo kwenye aota, mshipa mkuu utokao moyoni, asiye na hatari nyingine huwekwa kati ya 2 na 3. Mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpango huwekwa juu kidogo, 2.5 hadi 3.5. Ikishuka chini ya 2, valvu iko hatarini. Ikipita 4 au 5, ni kutokwa damu kunakoanza kuogopwa. Jibu la leo ni matokeo ya vidonge vya siku mbili tatu zilizopita, kwa hiyo usijikatie dozi kwa kuona namba moja. Ukisahau kidonge, kimeze siku hiyohiyo ukikumbuka. Siku ikishapita, kiache, usimeze viwili kesho.

Sasa rudi kwenye ule mchicha. Umejaa vitamini K, na kisamvu pia. Sahani mbili za ghafla kila siku "kurudisha damu" huishusha INR, na valvu ikaganda kwa mkono wa mtu aliyekuwa akisaidia. Haina maana mboga zimekatazwa. Kula kiasi unachokula siku zote. Ramadhani chakula hubadilika, basi pima mapema ndani ya mwezi. Dozi ni mara moja kwa siku, humezwa jioni, saumu haiigusi. Kuumikwa au hijama, ngozi ikichanjwa INR ikiwa 3, damu itachelewa kusimama. Dukani usinunue dawa ya maumivu ya ibuprofeni wala kukubali sindano ya diklofenaki. Dawa za vijidudu kama metronidazoli, kotrimoksazoli na flukonazoli huipandisha INR haraka, na rifampisini ya kifua kikuu huishusha sana. Ukianguka kutoka kwa punda au bodaboda ukagonga kichwa, ukapigwe picha hata kama hakuna damu unayoiona.

Pale jina linapodhuru zaidi ni kaunta ya duka la dawa. Aspirini huitwa ya kupunguza damu. Rivaroksabani ni ya kupunguza damu. Dabigatrani, vilevile. Kwa jina moja, mtu anaweza kudhani hii itashika nafasi ya ile, hasa akiambiwa kwamba hizi mpya hazitaki kupimwa INR. Kwa valvu ya chuma hazishiki. Dabigatrani ilijaribiwa kwa watu wenye valvu hizo, na jaribio likasimamishwa kwa sababu waliopewa waliganda zaidi na kutokwa damu zaidi kuliko wa wafarini. Matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Aspirini nayo hugusa chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoshikana penye jeraha, haigusi zile protini za ini, kwa hiyo peke yake haitoshi.

Basi ukiulizwa barazani, sema ni dawa ya kuzuia damu isigande. Na kama ulimi umeshazoea "kupunguza" na hautaki kuliacha, ongeza neno moja tu: inapunguza kuganda kwa damu.