Rangi iliyokolea haibani chumba cha kulia

Wengi huogopa kupaka chumba cha kulia rangi moja iliyokolea, tuseme damu ya mzee, wakiamini kitaonekana kidogo. Kinachobana chumba hasa ni mikato: kuta nyekundu zikikutana na dari nyeupe na fremu nyeupe, jicho hukwama kwenye kila mstari. Paka dari, fremu na mlango rangi ileile, kona zitafifia.

Shida halisi ya nyekundu ni kwamba haifuniki vizuri. Juu ya praima (rangi ya msingi inayotangulia) nyeupe huacha mabaka hata baada ya mikono miwili, yaani tabaka mbili za rangi, kwa hiyo agiza praima ya kijivu na upange mikono mitatu. Chumba cha mita 3 kwa 4, kimo mita 2.7, kina takribani mita za mraba 46 za kuta na dari, ukiondoa nafasi ya mlango na dirisha. Lita moja hufunika kama 10 kwa mkono mmoja, hivyo andaa lita 14, zote zichanganywe siku moja; ndoo ya kuongezea baadaye mara nyingi huja na mkolezo tofauti kidogo.

Balbu ziwe za mwanga wa njano, kelvini 2700 (kipimo cha rangi ya mwanga). Mwanga mweupe huifanya nyekundu ipooze, na chakula mezani nacho hupoteza mvuto.