Leseni ya London haivuki Namanga

Kuna imani sugu miongoni mwa wenye kampuni za utalii hapa Arusha: kampuni ya malipo ikishapata leseni Uingereza au Marekani, imeruhusiwa popote, na pesa za mgeni ziko salama. Sivyo.

Leseni ya dunia nzima haipo. Marekani kwenyewe, kampuni ya kutuma pesa hujisajili FinCEN (kitengo cha Wizara ya Fedha kinachopambana na uhalifu wa kifedha), kisha huhangaikia vibali jimbo kwa jimbo. Umoja wa Ulaya umerahisisha: leseni ya mwanachama mmoja hutumika kwa wengine, haki ambayo Uingereza iliipoteza mwisho wa 2020. Kwetu msimamizi ni Benki Kuu ya Tanzania, kwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015. Hata M-Pesa, ukivuka Namanga, inakuwa chini ya Benki Kuu ya Kenya.

Linaloumiza zaidi ni hilo la usalama. Kusimamiwa si kukatiwa bima. Uingereza, kampuni ya pesa za kielektroniki lazima itenge pesa za wateja, lakini ikifilisika, mfuko wa fidia unaolinda amana za benki hauwahusu. Juni 2020 Wirecard, kampuni ya malipo ya Ujerumani, ilianguka (yuro bilioni 1.9 zilikuwa vitabuni tu!). Msimamizi wa Uingereza akasimamisha kampuni tanzu ya Wirecard huko, na wateja wa programu zilizoitegemea wakakaa siku kadhaa bila kugusa pesa zao.

Kwa hiyo usiulize tu kama wana leseni. Uliza ni ya nchi gani, inaruhusu nini, na pesa zako zinakaa wapi kabla hazijafika benki yako.