Dokezo: msomaji anajuaje kama aliyetupwa na maji atapona?

Majuzi niliandika aya fupi ubaoni, kidato cha tatu, hapa Mwanza. Mtumbwi umezama usiku kwenye njia ya Ukerewe. Mtu mmoja amekumbatia dumu tupu la lita 20, kizibo kimebana. Nyota zimejaa, mwezi haupo. Anaita, haitikiwi. Nikauliza: atapona?

Karibu darasa zima likamzika. Binti mmoja wa Kirumba akanyoosha mkono. "Atapona, mwalimu. Mwezi haupo, kwa hiyo watu wa dagaa wako ziwani."

Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haiwavuti penye mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika na nyavu hukaa nchi kavu. Giza likirudi, ukisimama ufukweni usiku utadhani kuna mji umejengwa juu ya maji. Maneno mawili, "mwezi haupo", wenzake waliyasoma kama hukumu ya kifo. Yeye aliona mitumbwi na taa zake. Hilo ndilo dokezo.

Dokezo ni taarifa ndogo ambayo mwandishi huiweka mapema ili tukio la baadaye lisiote bila mizizi. Linatoka kwenye kitenzi kudokeza, yaani kugusia jambo bila kulimaliza. Dokezo zuri hupita kama maelezo ya kawaida tu, na nguvu yake huonekana baadaye. Kizibo cha lile dumu nacho ni dokezo: dumu lisilo na kizibo hujaa maji na kuzama, na mwandishi anayechukua nafasi kutuambia kizibo kimebana anataka mtu wake aelee.

Anayebashiri uhai wa mhusika ana maswali mawili mkononi, na makosa mengi huja anapoyachanganya. La kwanza ni la maji: je, mwili utaweza? Baharini mtu hufa kiu huku amezungukwa na maji, kwa sababu chumvi humkausha anayeyanywa. Ziwa Victoria halina chumvi hiyo. Maji yake yanaweza kumpa mtu kichocho au kuhara, lakini hayo ni mambo ya baadaye. Riwaya inayomuua mtu kwa kiu katikati ya ziwa hili imeshanipoteza. Cha kuogopa hapa ni dhoruba za usiku, na maji yanayonyonya joto la mwili saa baada ya saa hata kama mchana yanaonekana ya uvuguvugu. Kuna upepo pia. Mara nyingi usiku huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana hugeuka. Aliyeshika dumu husukumwa mbali na ufuko gizani, na jua likishapanda huanza kurudishwa. Mwandishi anayejua hilo anaweza kujenga sura nzima juu ya mtu anayesubiri saa nne asubuhi.

Swali la pili ni la riwaya: mwandishi ameahidi nini? Hapa dalili ni nyingine kabisa. Msimulizi anayesema "nilizama" bila shaka alitoka, isipokuwa maneno yake yawe kwenye daftari lililookotwa na mtu mwingine. Na jalada likishaandika "manusura", jibu limeshatolewa kabla ya ukurasa wa kwanza.

Je, kulijua jibu kunaua hadithi? Naamini hapana. Robinson Crusoe, riwaya ya Daniel Defoe ya mwaka 1719, ilikuwa na jina refu lililosema wazi kwamba mtu huyu aliishi miaka 28 kisiwani na jinsi alivyookolewa mwishowe. Watu waliisoma na bado wanaisoma. Taharuki, yaani ile hamu yenye wasiwasi inayokufanya ufunue ukurasa, hukaa zaidi kwenye "vipi" kuliko kwenye "je". Binti wa Kirumba aliposema atapona, darasa halikutulia. Walianza kubishana kama sauti ya mtu aliyechoka inaweza kusikika kwenye mtumbwi wenye injini, na kama mwenye taa machoni huona chochote nje ya mwanga wake.

Maisha yenyewe hayadaiwi dokezo. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya watu 200. Siku mbili baadaye waokoaji walimtoa akiwa hai fundi mitambo wa kivuko, aliyekuwa kwenye nafasi iliyobaki na hewa karibu na injini. Sisi wa huku tulipokea habari hiyo tukiwa na misiba, na hakuna aliyedai aelezwe kwanza kwa nini iwezekane. Ilitokea, basi.

Kwenye riwaya msomaji angedai, tena kwa haki. Mtu akitolewa hai ghafla namna hiyo, angesema amedanganywa. Kwa hiyo mwandishi angelazimika kurudi nyuma, kwenye safari ya kawaida ya asubuhi, abiria wakiwa wanashusha kuku na magunia, amwonyeshe fundi akishuka ngazi ya chumba cha injini bila taa, mkono ukipapasa ukuta, kwa sababu amezoea kila kona ya humo.