Mwingereza akikualika "tea", uliza kwanza kama kuna msosi

Kuna kijana namfundisha Kiingereza hapa Mwanga, Kigoma, kazi yake kusindikiza wageni wanaopanda boti Kibirizi kwenda Gombe kuona sokwe. Juzi kati mama mmoja mgeni, mtu wa Leeds, akamwambia "come round for your tea", saa kumi na mbili jioni. Yeye akajua ni chai. Kwao siku hiyo walipika ugali wa muhogo na migebuka, akala akashiba kabisa, maana chai ya jioni si unaenda unakunywa kikombe, mnapiga stori, unaaga, kumbe kufika anakuta meza imejaa viazi, kuku, mboga, na sahani yake imeshawekwa. Alijitahidi vijiko vitatu tu. Yule mama akadhani chakula chake hakijapendwa, na kijana maneno ya kujielezea hana. Kesho yake alikuja kwangu amenyong'onyea na mimi iliniuma, sababu ni mimi niliyemwambia tea ni chai nikaishia hapohapo.

Sasa iko hivi. Uingereza ya kaskazini, kuanzia Leeds, Manchester, Sheffield na kupanda juu, watu wengi wakisema "tea" wanamaanisha chakula cha jioni, mlo wenyewe kabisa. Kikombe cha chai kinaweza kuwepo mezani na kinaweza kisiwepo. Mtoto akitoka shule akauliza "what's for tea?" anataka kujua leo tunakula nini. Na sisi tusishangae sana, maana mtu akikuuliza asubuhi "umeshakunywa chai?" anauliza kama umetia kitu tumboni, hata kama ulichokula ni mihogo ya kuchemsha na uji. Kwetu kinywaji kimeupa jina mlo wa asubuhi, kwao kimeupa jina mlo wa jioni, basi.

Hao hao wanaoita chakula cha jioni tea, wengi wao cha mchana wanaita "dinner". Ndo maana kina mama wanaowapakulia watoto chakula shuleni mchana wanaitwa "dinner ladies" nchi nzima. Ila ukishuka London huko, wengi mchana wanasema "lunch" na jioni ndo "dinner". Na "Christmas dinner" hata huyo wa London mara nyingi anaila mchana. "Supper" wengine ni chakula cha jioni cha kawaida cha nyumbani, wengine ni kitu kidogo tu kabla ya kulala.

Hili neno dinner nalipenda sana kulifundisha kwa sababu limesafiri. Limetoka kwenye Kifaransa cha zamani, na ukilifuata hadi kwenye Kilatini utakuta maana yake ni kuvunja mfungo, yaani kifungua kinywa kama tunavyosema sisi! Baadae likawa mlo mkubwa wa mchana, afu matajiri wakawa wanausogeza mbele mwaka hadi mwaka mpaka ukaangukia usiku. Ikabaki njaa katikati. Kwenye miaka ya 1840 hivi ndo Anna, mke wa Duke wa Bedford (Duke ni cheo cha juu cha ukoo wa kibwanyenye Uingereza), anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo wa kunywa chai na vitafunio alasiri, hiyo ndo "afternoon tea" ya vikombe vizuri na keki. Wafanyakazi wa viwandani kaskazini wao hawakuwa na muda wa hayo, walitoka kazini jioni na njaa kali wakakaa mezani wakala nyama, mkate, viazi na chai juu yake, na huo mlo ukaitwa "high tea". Kwa hiyo ukiona "high" usidhani ni mambo ya wakubwa, asili yake ni chakula cha mtu aliyechoka.

Na vijana mnaoshinda mtandaoni, angalieni hapa. Mmarekani akisema "spill the tea" anataka umpe habari za ndani, umbea wenye ukweli, usemi ulioanzia kwa Wamarekani weusi. Huku kwetu mtu akikwambia "hiyo chai" anasema unadanganya. Neno moja, maana zimegeuziana mgongo, ukitafsiri moja kwa moja unaweza kumwita mwenzio muongo bila kujua.

Kijana wangu nimempa sentensi moja aishike, "Should I come hungry?", yaani nije na njaa? Haina ukorofi wowote, Mwingereza anaifurahia. Wiki hii alirudi kwa yule mama kumweleza kilichotokea siku ile, akaalikwa tena, akauliza hivyohivyo. Mchana wake hakugusa kitu.