Lignini ya kuuza huanzia kwenye chujio

Wanaoniuliza kuhusu biashara ya lignini, gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za mbao, huanza na soko: gundi ya plaiwudi, kaboni ya betri, mbadala wa lami. Mimi huwarudisha kiwandani, kwenye chujio, kwa sababu hapo ndipo bei inapopatikana au kupotea.

Katika msindano, lignini ni zaidi ya robo ya uzito wa mbao kavu. Kiwanda cha karatasi kikipika vibanzi kwa kostiki soda na sodiamu salfaidi, kwenye nyuzi joto 170 hivi, lignini huyeyuka na kutoka na maji meusi. Kwa kawaida maji hayo hukolezwa na kuchomwa kwenye boila, yatoe mvuke na kurudisha kemikali.

Ili kuipata lignini, chukua maji meusi kabla hayajakolea kabisa, yakiwa na yabisi asilimia 30 hadi 45. Yapoze hadi nyuzi 60 hadi 80, kisha pulizia hewa ukaa mpaka pH, kipimo cha asidi, ishuke karibu na 10. Lignini huganda ikawa chembe. Joto likizidi, inalainika na kunata. Likipungua mno, chembe zinakuwa ndogo na kuziba kitambaa cha chujio.

Kosa linaloharibu kazi kuliko yote ni kuyaosha machicha, yaani chembe zilizobaki kwenye kitambaa, palepale kwenye chujio. Maji ya kuoshea huondoa chumvi upesi kuliko pH inavyoshuka, na lignini isiyo na chumvi ya kuibana huku pH ingali juu huyeyuka upya. Machicha yanaziba, maji yanatafuta ufa mmoja na kupita hapo, sehemu kubwa inabaki na sodiamu. Dawa yake ni kuyakoroga machicha upya kwenye maji yenye asidi ya salfuriki, pH 2 hadi 3, ndipo uchuje mara ya pili na kuosha. Huo ndio msingi wa teknolojia ya LignoBoost, ambayo kiwanda chake cha kwanza cha kibiashara kilianza Plymouth, North Carolina, Marekani, mwaka 2013. Tangi hilo la asidi hutoa haidrojeni salfaidi, gesi inayoua: lifunikwe, livutwe hewa, na pawe na kipima gesi.

Salfa ya asidi hiyo hurudi kwenye mzunguko wa kemikali, na ukiitoa inatoka na sodiamu, hivyo weka bajeti ya kostiki ya ziada. Usichomoe lignini nyingi kupita kiasi pia; boila itakosa moto.

Kwa wenye viwanda vya plaiwudi, kama vile vya Mafinga, Tanzania, jambo la kuuliza kwanza ni mti. Lignini ya msindano ina nafasi wazi kwenye pete zake za kushikana na formaldehaidi, ambayo pamoja na fenoli hutengeneza gundi ya plaiwudi. Ya mkaratusi nyingi zimezibwa. Anza kwa kubadilisha asilimia 30 ya fenoli, na tarajia muda mrefu zaidi kwenye presi. Anayekuuzia mchanganyiko wa miti hiyo miwili anakuuzia gundi itakayokauka tofauti kila shehena.